Pipi za Kampeni na Korosho za Shule

Walimu wenzangu waliopangiwa somo la Historia ya Tanzania na Maadili hunipigia simu kuuliza jambo moja: unaanzia wapi? Muhtasari upo, kitabu kipo, kiongozi cha mwalimu kipo. Ila mtoto wa darasa la tatu amekukodolea macho, na hiyo nchi unayotaka aipende yeye anaijua kwa njia ya kutoka kwao hadi shuleni, basi. Nimefundisha Uraia na Maadili kwa miaka kadhaa katika shule moja ya msingi wilayani Newala, mkoani Mtwara, na mtaala ulioboreshwa ulipoanza Januari 2024 nikaongezewa hilo somo jipya. Nayaandika haya ili anayekuja nyuma yangu asipoteze muda pale tulipopotezea sisi.

Mimi kwetu Singida. Newala nilipangiwa, sikuichagua. Nilifika sijui Kimakonde hata salamu, na korosho nilikuwa nazijua za kukaangwa tu, zile za kwenye pakiti. Uwanda wa Makonde uko juu. Mvua ikinyesha maji yanazama mchangani, na chemchemi ziko chini mabondeni. Mtoto anayeingia shuleni na dumu la lita tano kichwani ameamshwa alfajiri kulitafuta. Nalitaja mapema kwa sababu, kwa huku kwetu, karibu kila kitu katika somo hili kinarudi kwenye maji na korosho.

Nilipofika, uzalendo wa shule ulikuwa mstarini. Mchakamchaka, bendera inapanda, Wimbo wa Taifa, nyimbo za kuisifu nchi, mwalimu wa zamu anakagua kucha. Sisemi yaachwe. Mtoto anayejua kusimama wima bendera ikipanda amejifunza kitu, na asubuhi ya ukungu wimbo ule humsisimua hata mtu mzima. Tatizo lilikuwa darasani. Ukiuliza rangi za bendera, mikono yote juu: kijani ni uoto, dhahabu ni madini, nyeusi ni watu, bluu ni maji. Kengele ikilia, walewale wanachonga majina yao kwenye madawati kwa ncha ya bikari. Nilimuuliza kijana wa darasa la sita kwa nini analiharibu dawati lake. Akanishangaa.

"Siyo langu, mwalimu. La serikali."

Alisema bila ujeuri wowote. Kwake yeye, serikali ilikuwa tajiri fulani wa mbali asiyejua hata idadi ya madawati yake.

Baadaye yakaja maandalizi ya Siku ya Mashujaa, Julai 25. Mtwara siku hii ina uzito, kwa kuwa pale Naliendele wamezikwa wanajeshi wetu waliofia Msumbiji. Wazo lilikuwa jema: gwaride la watoto, ngonjera, nyimbo. Utekelezaji ndio uliotugharimu. Vipindi vya mchana viliyeyuka kwa mazoezi. Ikaamuliwa kila mtoto awe na fulana nyeupe na raba. Tangu elimu bila malipo ianze mwaka 2016 michango ya lazima hairuhusiwi, kwa hiyo mchango ukaitwa wa hiari, hiari ambayo asiyetimiza hapangwi kwenye gwaride. Na Julai huku watu wanapulizia mikorosho. Senti yote ya mzazi iko kwenye salfa. Watoto wasio na raba wakakaa chini ya mwembe wakiwatazama wenzao wakifundishwa kuipenda nchi. Mama mmoja mtu mzima alikuja ofisini, tukampa shikamoo, akaitikia vizuri, akakaa. "Walimu wangu," akasema, "hao mashujaa wenyewe walikuwa na raba?" Hakuna aliyemjibu.

Ukilazimika kuandaa gwaride, tumia sare ya shule na kila mtoto aje na alichonacho miguuni, hata peku. Bajeti ipite kwenye kamati ya shule kabla hujamwambia mtoto neno, na muhtasari wa kikao uwe na sahihi. Mazoezi yasile kipindi cha Hisabati. Matokeo yakishuka, gwaride lako ndilo litakalotajwa kikaoni.

Mambo yaligeuka katika kipindi cha Nembo ya Taifa, darasa la tano. Nilibandika picha kubwa ukutani: mwanamume na mwanamke wameshika pembe za ndovu, wamesimama juu ya Mlima Kilimanjaro, miguuni pa mmoja karafuu, pa mwingine pamba, na chini maneno Uhuru na Umoja. Binti mmoja mkimya wa dawati la nyuma akanyoosha kidole. "Mwalimu, mbona hakuna korosho?" Wenzake wakacheka, lakini lilikuwa swali la haki kabisa kwa mtoto wa Newala. Nikamwambia nitajibu kipindi kijacho, nikaenda kujipanga.

Nikaanza na pamba. Wajerumani waliitaka kwa viwanda vyao, wakaamuru mashamba ya pamoja vijijini, watu wakalimishwa chini ya majumbe na maakida, mawakala wa Wajerumani, kwa viboko na kwa malipo kiduchu. Julai 1905 huko Nandete, kwenye vilima vya Umatumbi upande wa Kilwa, watu wakaing'oa ile pamba. Ndiyo ikawa Majimaji. Kinjikitile Ngwale wa Ngarambe, aliyewapa watu maji ya kuzuia risasi, alinyongwa Agosti mwaka huohuo, na vita vikaendelea hadi 1907 bila yeye. Niliwaambia pia kwamba njaa iliua wengi kuliko risasi, kwa kuwa Wajerumani walichoma mashamba na maghala. Na kwamba Uwanda wa Makonde haukuwaka kama Umatumbi au Ungoni, na wapo watawala wa kusini hii hii waliokaa upande wa Mjerumani. Hili la mwisho baadhi ya walimu hulificha. Mimi naona mtoto akiambiwa kwamba wote walikuwa majasiri na wote walikuwa kitu kimoja, hana la kuuliza. Akisikia kwamba babu zake walitofautiana, anaanza kufikiri yeye angekaa wapi.

Basi nikawaambia, pamba ipo kwenye nembo kama zao la nchi yetu, na leo anayeilima anaiuza mwenyewe na fedha yake anaiona. Nilidhani nimefunga somo. Kijana wa mbele akasema, "Mwalimu, hilo shamba la jumbe si kama shamba letu la shule?"

Shule yetu, kama shule nyingi za Mtwara na Lindi, ina mikorosho yake. Watoto wanapalilia, wanaokota, wanaanika, wanachambua. Korosho zinapelekwa chama cha msingi cha ushirika, zinaingia mnadani, fedha inaingia akaunti ya shule. Kwa watoto, safari ya zile korosho ilikuwa inaishia kwenye bodaboda inayoondoka na magunia. "Tunaokota sisi," akaongeza, "hela hatujui."

Jibu la haraka lingekuwa kumnyamazisha. Nilimwambia ameuliza vizuri na swali nitalifikisha. Na hapa nawasihi wenzangu: ofisini peleka swali, jina la mtoto liache darasani. Nilikwenda na andalio la somo, nikaonyesha kwamba uwajibikaji na uwazi ni mada za muhtasari, nikaomba mapato na matumizi ya msimu uliopita yabandikwe kwenye ubao wa matangazo yawe zana ya kufundishia. Mwalimu Mkuu alikunja uso. "Kwa hiyo unawafundisha watoto kutukagua?" Akakaa nalo. Kisha siku moja akafungua kabati, akanipa faili. Hesabu zilikuwa safi: karatasi za mitihani, bawaba za milango, posho ya mlinzi, dawa ya mikorosho yenyewe. Fedha haikuliwa, ilikuwa tu haijasemwa, ingawa kwa mtoto anayetazama kutoka nje hayo mawili yanafanana.

Karatasi ya kwanza haikueleweka na mtu, maana iliandikwa kama taarifa ya benki. Tukaiandika upya na watoto wenyewe: tuliokota kilo ngapi, kilo moja iliuzwa shilingi ngapi, makato ni yapi, kimebaki nini, kimenunua nini. Makato ndiyo yaliyowasumbua. Niliwaeleza stakabadhi ghalani, mfumo ulioanza kwenye korosho mwaka 2007: mkulima anaweka mzigo ghalani kupitia chama, wanunuzi wanashindana mnadani, analipwa baadaye, na njiani yanakatwa ya chama, ya usafirishaji, ya halmashauri. Baba zao hubishana juu ya makato hayo kila msimu. Sasa watoto nao wakawa na la kusema nyumbani, na wazazi kadhaa wakaja kuuliza hilo somo linaitwaje.

Msimu uliofuata kamati ya shule iliridhia kwamba sehemu ndogo ya mapato, narudia ndogo, watoto washauri itumikeje. Wavulana wa darasa la sita walitaka mipira na jezi. Wasichana walitaka simtanki na mifereji ya kukinga maji ya bati. Mjadala ulichacha mpaka binti mmoja akasimama: "Mpira mnacheza ninyi. Maji tunabeba sisi." Kura zikapigwa, simtanki likapita, wavulana wakanuna mpaka mvua za Desemba. Madawati bado yanachongwa, nisiwadanganye. Lakini bomba la lile simtanki lina walinzi ambao hakuna mwalimu aliyewapanga, na ole wako uliache likitiririka.

Kuna mada zinazochoma, na huku ya kwanza ni kangomba. Kitabuni ni rahisi: kununua korosho kwa kipimo nje ya mfumo ni kosa. Nilipolisema hivyo, mtoto akanijibu kwamba mama yake aliuza kangomba ndipo akamnunulia sare. Amevaa sare hiyo mbele yangu. Ukweli ni kwamba Septemba nyumba nyingi zimeishiwa, mnada haujafunguliwa, na mwenye fedha taslimu anajua hivyo. Tangu siku hiyo siulizi darasani nani kwao wanauza. Natunga kisa cha familia ya kubuni, watoto wanamshauri yule mama afanyeje, anapoteza nini akiuza sasa, nani angepaswa kumsaidia asifike hapo. Sheria naitaja bila kuipindisha. Ila mtoto asigeuzwe shahidi dhidi ya mzazi wake.

Ya pili ni gesi. Wanafunzi wakubwa wamesikia nyumbani habari za 2013, watu wa Mtwara walipopinga bomba la kupeleka gesi Dar es Salaam, wakafa watu na mali zikachomwa moto. Wataalamu wa kukwepa watakushauri ulikwepe. Mimi naeleza kilichotokea kwa maneno machache, kisha nawapa kazi: mwananchi ana dai, ana njia zipi kabla ya mambo kufika huko? Mkutano wa kijiji, diwani, mbunge, barua, mahakama. Wanaorodhesha wenyewe. Nimeona wanakumbuka orodha hiyo kuliko sifa za raia mwema zilizoko ubaoni. Mwarifu tu Mwalimu Mkuu kabla ya kipindi, asije akasikia kwa mtu mwingine.

Nilitamani kuwapeleka Naliendele. Kosta ya kukodi kwenda na kurudi tuliambiwa laki tano bila chakula, nikaachana nayo. Tulikwenda kwa miguu hadi ukingo wa uwanda, unapoona bonde la Ruvuma limelala chini na Msumbiji ng'ambo, pamoja na mzee aliyekuwa kijana wakati wa vita vya ukombozi wa Msumbiji. Aliwasimulia walivyochimba mahandaki na kusikilizia ndege za Wareno, na wakimbizi walivyovuka mto na watoto mgongoni. Mimi nikajazia: Mueda, watu walipopigwa risasi na Wareno Juni 16, 1960, kambi ya wapiganaji wa FRELIMO, chama kilichopigania uhuru wa Msumbiji, hapo Nachingwea, kiongozi wao Samora Machel kuanza safari yake kutoka Ruvuma Mei 1975 kuelekea Maputo, na uhuru wa Msumbiji Juni 25. Watoto walikaa kimya kuliko siku yoyote darasani. Ujirani huo uligharimu, na ndiyo maana ya makaburi ya Naliendele.

Kumwalika mzee kuna taratibu zake. Pitia kwa mwenyekiti wa kijiji. Nenda kwake kabla, ukae, mzungumze mambo mengine kwanza. Mjukuu wake awepo atafsiri Kimakonde panapohitajika. Watoto wawe na maswali tayari, la sivyo mzee atasimulia mpaka jua lizame. Sukari na sabuni zinatosha kwa shukrani, bahasha ilileta maneno kijijini tulipoijaribu. Na chunga sana jambo moja: wapo watoto wenye bibi na wajomba ng'ambo. Tangu wauaji walipovuka mto Ruvuma na kukishambulia kijiji cha Kitaya Oktoba 2020, maswali ya nani katoka wapi yamekuwa mazito huku. Usiwahi kuuliza darasani nani asili yake Msumbiji, hata kwa nia njema. Binti mmoja alinifuata baada ya ile safari akaniuliza kwa sauti ndogo kama anaruhusiwa kuipenda nchi ya bibi yake pia. Nilimwambia anaruhusiwa.

Jando na unyago nitaligusa kwa ufupi, ingawa linastahili andiko lake. Likizo wavulana wanaingia jandoni, wakirudi wengine hawashiki fagio wala hawamsikilizi mwalimu wa kike. Kupambana na wazee hakusaidii. Tulikwenda kuwaomba, kabla ya likizo, walitaje na hilo katika mafunzo yao ya heshima. Mmoja alituambia adabu ni kazi yao, sisi tufundishe hesabu. Wengine walikubali, na mwaka huo fagio zilishikwa.

Darasa la saba walipomaliza mtihani Septemba 2024, viranja wapya wakahitajika. Kawaida tunateua. Safari hii, kwa kuwa wazazi nao walikuwa wanaelekea uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 27, tukaamua watoto wapige kura. Boksi la karatasi likawa sanduku la kura, rejista ya mahudhurio ikawa daftari la wapiga kura. Kampeni zikaanza vizuri. Halafu mmoja wa wagombea ukaka mkuu, mtoto wa mwenye duka, akaanza kugawa pipi.

Malalamiko yaliletwa kwa maandishi, yamekunjwa vizuri, bila jina. Tukaitisha baraza. Nilikuwa nimebandika ukutani ile ahadi ya zamani ya mwanachama wa TANU: "Rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa." Wenzake walikuwa tayari kumwengua. Yule binti wa korosho, sasa darasa la sita, akaonyesha ukuta. Hapo imeanza kupokea, akasema, kutoa ni baadaye. Mnyooshe mikono mliokula. Ikanyooka mikono mingi, mingine nusu nusu. Mvulana mmoja akajitetea kwamba pipi amekula lakini kura hampi, na akapigiwa makofi! Sikujua kama nimkanye au nicheke. Nimewasikia watu wazima wengi wakijisifu hivyo hivyo.

Uamuzi wao: mgombea abaki, lakini asimame mstarini aseme alichofanya, na wote waliokula wamwagilie miche mipya ya mikorosho kwa maji ya kubeba wenyewe, siyo ya simtanki. Kura zikapigwa kwa siri, zikahesabiwa mbele ya wote. Yule mtoto wa mwenye duka akashinda. Na ni kaka mkuu mzuri, anawahi, anawatetea wadogo. Sina maelezo ya kulifunga jambo hilo vizuri, nililieleza vivyo hivyo kwenye kikao cha walimu.

Ukitaka kufanya uchaguzi wa namna hii, andika kanuni za kampeni mapema na wagombea wazisaini. Sisi hatukuwa nazo, ndiyo maana adhabu ilibidi itungwe papo hapo. Wasimamizi watoke darasa lisilo na mgombea. Kura zilizoharibika zionyeshwe, kwa sababu kuna mtoto atakayesema ya kwake imeliwa.

Safari hii wameleta ombi jipya, limeandikwa na kaka mkuu mwenyewe: wawakilishi wawili waende chama cha msingi siku korosho za shule zinapopimwa, wautazame mzani. Mwalimu Mkuu amesema wataruhusiwa isipokuwa saa za masomo. Chama kinapima asubuhi. Tumeandika barua kuomba za shule zipimwe alasiri, na jibu bado.